Vitoto Vinne vya Paka wa Uani

Kila nyumba ya kupanga hapa Dar ina paka ambaye si wa mtu. Wa kwetu Magomeni alikuwa jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, sikio moja limekatika ncha, mkia umepinda kama ndoano. Akikamata panya tulimwita paka wetu. Akiiba samaki akawa paka wa nyumba ya pili. Alikula vichwa vya samaki, ukoko wa wali, na chochote kilichosahauliwa bila kufunikwa. Hakushikika. Ukimnyooshea mkono alirudi nyuma hatua mbili, akakaa, akakutazama kama mtu anayesubiri umalize upuuzi wako.

Masika ya mwaka juzi alizaa ndani ya kabati bovu lililotupwa uani, pembeni ya bomba. Watoto wa nyumba ndio waliogundua, wakatangaza korido nzima. Bibi wa chumba cha mbele, ambaye amekaa nyumba ile kuliko sisi wote, akawapiga marufuku kusogelea kabati.

"Mzazi hachunguliwi," alisema. "Mkimsumbua atahama."

Simulizi za kuokoa wanyama tunazijua zinavyokwenda. Mtu anakuta kiumbe kinateseka, anakihurumia, anakilisha kwa chupa, kinapona, picha inapigwa. Nilipokaa kuandika hii nilitamani nayo ifuate njia hiyo. Imenishinda, kwa sababu katika hii mimi ndiye niliyeleta ugonjwa.

Ilikuwa Jumanne, vitoto vina kama siku sita. Mvua ilianza mchana na haikukata. Niliporudi kazini saa moja jioni, uani kumejaa maji mpaka kwenye kizingiti, na kutoka kwenye kabati nikasikia sauti nyembamba, zaidi ya ndege kuliko ya paka. Nikamulika kwa simu. Vitoto vinne vimelowa, macho bado yamefumba, vinapandana vikitafuta pakavu. Mama yao hayupo.

Bibi alikuwa amesimama mlango wa uani, kanga kichwani.

"Viweke juu ya benchi hapo, uvifunike," akaniambia. "Mama yao anahamisha."

"Bibi, hivi vitakufa na baridi."

"Nakwambia anahamisha. Paka akiona maji huhama. Atarudi."

"Na panya je?"

Hakunijibu. Mimi nilikwishaamua. Nikavibeba kwenye fulana yangu, nikaviingiza chumbani, nikavitia kwenye boksi la viatu lenye taulo, nikafunga mlango. Kwa ajili ya panya, nilijiambia. Sasa nikikumbuka, naona nilifunga pia kwa sababu nilitaka viwe vyangu. Nilikuwa naishi peke yangu mwaka wa pili, na ni raha fulani mtu kuhitajiwa.

Nilikuwa na pakiti ya maziwa ya ng'ombe ya nusu lita. Nikayapasha, nikayazimua kwa maji, nikatia sukari kidogo kama ninavyokumbuka mama akimfanyia mdogo wangu. Nikachukua kijiko cha chai. Kila kitoto nilikishika chali, kama tunavyompakata mtoto wa binadamu. Vitatu vililamba lamba. Cha nne, cheusi chote, kikapaliwa. Kilipiga chafya, povu la maziwa likatoka puani, kisha kikatulia. Nikafurahi kwamba kimetulia.

Usiku ule paka alilia juu ya bati mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Nikadhani ni dume anatafuta jike. Nikavuta shuka, nikalala nikijiona mtu mwema.

Asubuhi boksi lilinuka. Vitoto vyote vinaharisha, uharo wa njano mwepesi, matumbo yamevimba na kukaza kama mpira. Cheusi kilikuwa kinapumua kwa kukoroma. Nikampigia rafiki yangu aliyesomea udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro. Akaniuliza maswali matatu, na kila nililojibu alinyamaza kidogo.

"Umevipa maziwa gani?"

"Ya ng'ombe."

"Umevishika vipi?"

"Chali."

"Umevikojolesha?"

Sikuelewa hata swali. Ndipo nikajifunza, saa kumi na mbili asubuhi, simu sikioni, kwamba kitoto cha paka cha wiki ya kwanza hakiwezi kukojoa wala kujisaidia chenyewe. Mama yake humlamba chini ya mkia, ndipo mambo yatoke. Vyangu vilikuwa vimekaa usiku kucha na mkojo wao. Kuharisha nako kulitokana na maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake, laktosi, ambayo tumbo la paka haliimudu kwa wingi ule, na mafuta na protini zake ni chache kwa kiumbe anayetakiwa kuongezeka kama gramu 10 kila siku. Mimi nikaongeza na sukari ya dukani juu yake. Na ukimlaza chali ukammiminia, maziwa hupita njia ya pumzi yakaingia mapafuni. Mama yake huvinyonyesha vikiwa vimelalia matumbo. Hilo nilikuwa nimeliona maishani mwangu mara nyingi, na bado sikuliona.

"Kitu kingine," rafiki yangu alisema. "Usilishe kitoto cha baridi. Kikiwa baridi tumbo halisagi chochote. Kipashe moto kwanza, polepole. Halafu vipeleke kwa daktari leo, usisubiri kesho."

Nikaomba ruhusa kazini. Sikutaja paka, nilisema nina mgonjwa.

Kwenye bajaji nililishikilia boksi mapajani, ndani nimetia chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge. Pale kwa daktari kulikuwa na foleni ya mbwa wakubwa wa ulinzi, kila mmoja na mtu wa kumshika mnyororo. Zamu yangu ilipofika daktari alifungua boksi, akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Wa mtaani?"

"Ndiyo, Dokta."

"Mama yao amekufa?"

Nikasema sijui, hajarudi. Lilikuwa jibu la kweli na la uongo kwa pamoja.

Kipimajoto kilisoma 32 kwa cheusi. Ilipaswa iwe walau 35. Daktari alikisikiliza kifua kwa muda mrefu, akatingisha kichwa. Alikichoma maji chini ya ngozi ya mgongo, akapaka glukosi kwenye fizi. Alinionyesha fizi za kile kidogo kuliko vyote, cha kijivu, zilivyokuwa nyeupe kama karatasi. Hao ni viroboto, akasema. Kwa mwili wa gramu 80, viroboto ishirini ni msiba. Akanifundisha kuvitoa kwa kitana chenye meno membamba na maji ya uvuguvugu, kwa sababu dawa za kuulia viroboto vingewaua na wenyewe. Jirani alikuwa amenishauri nisage nusu ya Panadol kwa ajili ya homa. Nilipomtajia, daktari aliweka kalamu chini.

"Hiyo ni sumu kwa paka, mkubwa kwa mdogo. Ini lake haliwezi kuisafisha. Usijaribu hata siku moja."

Nikatoka na bomba la sindano lisilo na sindano, pamba, na kopo la maziwa ya unga ya watoto wa paka, ambalo bei yake ilikuwa karibu robo ya kodi yangu ya mwezi. Ratiba: kila saa mbili, mchana na usiku, tone kwa tone, kitoto kimelalia tumbo, kichwa mbele. Kila baada ya kula, pamba yenye maji ya vuguvugu chini ya mkia, kupangusa kama ulimi. Kupima uzito kila siku.

Mizani sikuwa nayo. Nikaenda kwa Mangi dukani usiku akiwa anafunga.

"Mangi, niazime mizani yako ya sukari."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Alinitazama, akatazama mizani. "Wateja wangu wakijua..." Halafu akatoa mfuko wa nailoni, akautandika juu ya sahani ya mizani, akavuta mlango nusu. Tukapima kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyeandika kwenye daftari lake la madeni, ukurasa wa nyuma: cheusi 84, kijivu 79, mabaka 102, njano 110.

Jioni ileile mama wa chumba cha tatu alibisha hodi. Mwanawe ana homa tangu jana, alisema, na mumewe yuko safari. Kama ninayo elfu kumi nimuazime, ampeleke mtoto akapime malaria. Sikuwa nayo. Nilimwambia sina. Macho yake yakapita begani kwangu, yakalikuta kopo juu ya meza, lenye picha ya paka na kibandiko cha bei.

"Kumbe," akasema. Hakuongeza neno. Akaondoka.

Nimesoma mengi mazuri kuhusu huruma, na nimeyapenda. Lakini huruma ina mfuko, na mfuko una mwisho, na siku ile wangu ulikuwa umeishia kwenye boksi la viatu. Nilirudi kwa Mangi nikakopa elfu kumi na tano, nikampelekea. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kaka, bila kunitazama usoni. Mtoto alikutwa na malaria kweli, akapewa dawa, siku ya tatu alikuwa anakimbia koridoni. Nashukuru. Lakini lile "kumbe" sijalisahau, na sidhani kwamba alikosea kulisema.

Cheusi kilikufa Alhamisi usiku, kati ya mlo wa saa nane na wa saa kumi. Kifua kilikuwa kinaingia ndani kila kikivuta pumzi, mdomo wazi. Nilikishika mkononi. Sikujua kwamba kitu kizito kiasi cha kipande cha sabuni kinaweza kuchukua muda mrefu hivyo kufa. Kilipomaliza, niliendelea kukishika kwa sababu vingine vitatu vilikuwa vimelala na sikutaka kuwasha taa. Juu ya bati paka alikuwa analia.

Asubuhi nilikizika chini ya mwarobaini ulioko nje ya ukuta. Bibi alikuwa anafagia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kimekufa kimoja?"

"Ndiyo."

Akafagia kidogo. "Siku ya tatu leo anavililia."

"Nani?"

"Mama yao, nani mwingine? Usiku kucha yuko juu ya chumba chako. Wewe humsikii?"

Nikabaki nimesimama na jembe la kuazima. Nilikuwa nimemsikia kila usiku. Nilimsikia nikiwa macho, bomba la sindano mkononi, nikijaribu kuwa yeye.

Bibi hakunisema. Alikaa kwenye kigoda, akaanza hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia madrasa: ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka paka akafa, na mwanamke akaingia motoni kwa ajili yake. Akasimulia vizuri, pole pole, kama mtu anayepitisha muda. Akamaliza. Kisha akasema, "Lakini wewe umelisha, mwanangu. Umelisha sana," akaingia ndani.

Jioni ile nililitoa boksi, nikaliweka koridoni karibu na mlango wa uani, mahali pakavu, na chupa ya maji ya moto ndani. Nikazima taa ya korido, nikaomba wapangaji wasipite kwa muda. Watoto walikaa milangoni wamefunga midomo. Hata mama wa chumba cha tatu alitoka akasimama, mwanawe kiunoni.

Alikuja baada ya kama nusu saa. Alisimama kizingitini, akanusa hewa, akarudi nyuma hatua mbili zake zile. Kitoto cha njano kikalia. Akaja mbio, akaingia boksini na miguu yote minne, akaanza kulamba kwa nguvu kana kwamba anafuta kitu. Harufu yangu, nadhani. Wanasema harufu ya mtu haimfanyi paka amkatae mtoto wake, na nilichokiona kinakubaliana nao. Alilala ubavu. Vitoto vitatu vikatafuta, vikapata, vikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuvisikia vimenyamaza hivyo. Kumbe kunyamaza kwa shibe na kunyamaza kwa kuchoka ni vitu viwili tofauti.

Baada ya saa moja aliinuka akatoka. Moyo ukanipasuka. Bibi akanishika mkono: "Tulia." Na kweli, alirudi, akipita juu ya ukuta, kitu kinaning'inia mdomoni. Akakitua boksini pamoja na vingine.

Kilikuwa kitoto cha tano. Mabaka kama mama yake, kikavu, kinene, manyoya yanang'aa. Jumanne ile alikuwa anahamisha, kama Bibi alivyosema. Alikuwa amekwishapeleka cha kwanza. Aliporudi kuchukua cha pili akakuta kabati tupu.

Siku iliyofuata Mangi alikipima kwa hiari yake. Gramu 168. Akaandika kwenye daftari, akaniangalia, akaona afadhali asiseme.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo mambo yalikuwa shwari. Vilipofika kama siku kumi, wakati wa kufumbua macho, yalianza kuvimba yakiwa bado yamefumba, mithili ya maharage chini ya ngozi. Tongotongo za njano zikatoka pembeni. Nikavipeleka tena, safari hii kwa kuvichukua mama yao akiwa anakula, na nikarudi kabla hajamaliza kuhangaika. Daktari alilainisha kope kwa pamba ya uvuguvugu, akazifungua kwa vidole taratibu, usaha ukatoka kama jipu. Ukiachwa ndani, alisema, unaoza jicho kabla halijaona kitu. Ni mafua ya paka: mama anaweza kuwa nayo mwilini bila kuumwa, akawaambukiza, na waliodhoofika ndio huumia zaidi.

Waliodhoofika. Hakujua anamwambia nani.

Akanipa dawa ya macho ya kupaka mara tatu kwa siku. Safari hii sikuwa peke yangu. Mtoto wa chumba cha tatu, yule wa malaria, ndiye aliyeshika kazi ya pamba: pamba mpya kila jicho, maji mapya kila kitoto, akihesabu kwa sauti. Mama yake alichemsha maji. Mimi nilipaka dawa. Paka mwenyewe alikaa hatua mbili mbali akitusimamia. Chupa za moto nikaacha, maziwa ya kopo nikabakiza kwa ajili ya kijivu tu, ambacho wenzake walikuwa wanakisukuma kwenye chuchu.

Kijivu kilikufa pia, siku ya kumi na tano, kikiwa kati ya mama yake na ndugu zake. Alikisukuma pembeni kwa pua, akaendelea kunyonyesha. Nilitaka kumchukia kwa hilo, nikashindwa.

Nilikuwa nasoma wakati ule Particularly Cats cha Doris Lessing, kilichotoka mwaka 1967. Mwanzoni anasimulia shamba la utotoni kwao, Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Kuwapunguza vitoto vya paka ilikuwa kazi ya mama yake, kimyakimya. Mwaka mmoja mama akaiacha. Paka wakajaa nyumba na mabanda, mpaka mama aliposafiri siku chache, na waliobaki, baba na binti, wakalazimika kufanya mauaji wenyewe. Kinachonibakia kwenye kurasa zile ni kwamba hakuna aliyekuwa mbaya. Kulikuwa na mtu aliyebeba jambo gumu bila kusema, na wengine waliomwona kama vile habebi chochote. Nilipofika hapo nilimfikiria Bibi na ufagio wake.

Vitatu vilikua. Cha njano kina ukungu kwenye jicho la kushoto mpaka leo, kiko dukani kwa Mangi, kinalala juu ya magunia, na panya wamepungua, kwa maneno yake mwenyewe, "asilimia tisini." Vile viwili vya mabaka, yule wangu na yule wa mama yake, viko kwa Bibi. Ukiviona sasa huwezi kujua kipi kilikuwa kipi. Mimi najua. Mama yao tulimfungisha kizazi vitoto vilipoacha kunyonya. Wapangaji walichanga, mama wa chumba cha tatu akatoa elfu mbili. Paka jike aweza kubeba mimba tena hata akiwa ananyonyesha, na sote tulikuwa tumechoka.

Masika ya mwaka huu nilisikia tena ile sauti ya ndege. Ilitoka chini ya matofali ya jirani anayejenga. Paka mwingine, mweupe, simjui. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilitoka na mwamvuli. Vilikuwa vitatu, pakavu, vinalia. Mama hayupo.

Sikuvigusa. Niliegemeza kipande cha bati upande wa upepo, nikarudi kwenye baraza letu, nikakaa. Nilikaa nikitazama saa ya simu. Ilikuwa vigumu kuliko kuamka kila saa mbili. Bibi alitoka, akaniona, akavuta kigoda akakaa karibu yangu bila kuniuliza kitu. Saa moja ikapita, na nusu nyingine. Nilikuwa nimeanza kuvua viatu nivuke maji, ndipo Bibi akanyoosha kidole.

Juu ya ukuta, mweupe, amelowa chepechepe, ana kichwa cha samaki mdomoni. Alituangalia. Tukatazama pembeni, wote wawili, ili ashuke.